Ijumaa Mfiwa, Jumamosi Mwenye Nyumba

Msimu huu kikundi chetu kinaonyesha michezo miwili kwa kupokezana, tanzia Ijumaa na komedia Jumamosi, waigizaji wakiwa wale wale. Nairobi iliwahi kuwa na kundi lililopanga kazi kwa misimu: Phoenix Players, pale Professional Centre, Parliament Road. Tangu ukumbi ule ufungwe, wengi wetu tumezoea mchezo mmoja wa wikendi moja, kisha basi. Ndiyo maana nilipopewa wahusika wawili kwa mpigo nilifurahi na kuogopa.

Ijumaa mimi ni mama aliyefiwa na mwanawe. Jumamosi ni mwenye nyumba mtaani Umoja, nagonga milango ya wapangaji nikidai kodi. Mlango wa jukwaani ni mmoja, tunaugeuza tu upande wa rangi, maana seti mbili hatuzimudu. Katika michezo yote miwili naufungua na kumkuta kijana amesimama. Huku nasema, "Umerudi?" Kule nasema, "Kumbe umerudi!" Hapo ndipo palinitia hofu zaidi.

Niliacha kukariri nikiwa nimeketi, nikaufunga kila mstari na mwendo wake. Mama mfiwa nilimfanyia mazoezi miguu mitupu kwenye simiti, leso begani. Mwenye nyumba ana viatu vya kisigino na rundo la funguo. Nikishika funguo zile, maneno yake yanakuja yenyewe. Mwongozaji aliniruhusu nivae maleba tangu mazoezi ya mwanzo, namshukuru sana kwa hilo. Jumamosi alasiri tunasimama kila mtu mahali pake na kupitia maneno yote kwa kasi, bila kuigiza, ili ya jana yatoke mdomoni.

Kigumu zaidi ni muda wa kunyamaza. Hadhira ikicheka, ukisema mapema maneno yako yanamezwa. Ukingoja watulie kabisa, mchezo umepoa. Unaingia kicheko kikianza kushuka, kama anayedandia matatu inayopunguza mwendo bila kusimama. Hili hulijui mpaka watu wakae mbele yako. Kwa hiyo tuliwaalika mazoezini walinzi na akina mama wanaouza chakula karibu na ukumbi. Walicheka mahali ambapo sisi hatukuwa tumeona kichekesho, tukapaachia nafasi. Ijumaa mambo ni kinyume. Kimya cha watu ndicho kinachonibeba, na kukikatiza haraka ni kuwapokonya msiba wao.

Naamini mji huu unahitaji utaratibu huu. Watu wa Nairobi watakuja kucheka bila kubembelezwa. Tanzia ndiyo inayotafuta watu. Lakini wapo waliokuja Jumamosi wakarudi Ijumaa iliyofuata. Dada mmoja alinishika mkono mlangoni akasema, "Mama, kumbe ni wewe yule wa kodi?" Macho yake yalikuwa bado mekundu.

Mchezo wa tatu tumeanza kuufanyia mazoezi mchana, hii miwili ikiendelea usiku. Humo mimi ni muuguzi.