Kila "again" si "tena"

Neno la Kiingereza "again" humponza mtafsiri kwa sababu linaonekana jepesi. Mkono huandika "tena" kabla kichwa hakijafikiri, na mara nyingi, kusema kweli, "tena" inatosha. Kazi iko kwenye zile mara chache zilizobaki, ambapo sentensi inasomeka vizuri kabisa na maana imeshapotea njiani.

Chukua "She opened the door again." Mwingereza anaweza kumaanisha mambo mawili. La kwanza, mama huyu aliwahi kuufungua mlango huo, sasa anaufungua mara nyingine. La pili, mlango ulikuwa wazi, upepo ukaufunga, naye akaurudisha ulivyokuwa. Huenda hata hajawahi kuugusa kabla ya hapo. Katika maana ya kwanza kinachorudi ni tendo, katika ya pili ni hali. "Alifungua mlango tena" humpeleka msomaji wa Kiswahili kwenye ile ya kwanza. Ukitaka ya pili, iondoe "tena" kwenye kitenzi uipeleke kwenye hali: "akaufungua, ukawa wazi kama mwanzo."

Maana hiyo ya kurudi si pambo. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya kuelekea, kukabili au kurudi nyuma. Ndiyo maana "against" limezaliwa humo humo, na binamu yake wa Kijerumani, "gegen", mpaka leo ni "dhidi ya". Kwa hiyo "He is well again" ni "amepona" tu, na "She is home again" ni "amesharudi nyumbani". Vitenzi vyetu "pona" na "rudi" vimeshabeba kazi yote. Anayeandika "yuko mzima tena" hajakosea sarufi, ila harufu ya tafsiri inasikika.

Halafu kuna "upya". Maneno "anew" na "afresh" huorodheshwa kwenye kamusi kama visawe vya "again", lakini Kiswahili kinavitenga waziwazi. "Aliandika barua tena" inaweza kuwa barua ya pili kwa mtu yuleyule, na ile ya kwanza ikabaki halali. "Aliandika barua upya" maana yake ya kwanza imetupwa. Vivyo hivyo kuhesabu kura tena na kuhesabu kura upya: "upya" inadokeza kwamba hesabu ya awali haisimami. Kwenye hati ya kisheria dokezo hilo ni zito, usilitie kama mwandishi wa Kiingereza hakulitia. "All over again" ni kali zaidi, hiyo mpe "kuanzia mwanzo".

Mfano mzuri uko kwenye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 140 kinasema Mahakama ya Juu ikibatilisha uchaguzi wa rais, ufanyike "fresh election" ndani ya siku 60. Kifungu cha 138 kinatumia maneno hayohayo, "fresh election", pale ambapo hakuna mgombea aliyefikisha kura zinazotakiwa, nao hufanyika ndani ya siku 30 kati ya walioongoza. Kiingereza kimetumia jina moja kwa mambo mawili. Kiswahili cha magazeti na redio kina majina mawili: "uchaguzi wa marudio" kwa la kwanza, "duru ya pili" kwa la pili, na hapa naona Kiswahili kimeshinda kwa uwazi. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulipofutwa tarehe 1 Septemba na kufanyika mwingine tarehe 26 Oktoba, ulikuwa wa marudio. Hata hivyo tume ya uchaguzi ilianza kwa kutangaza wagombea wawili tu, kana kwamba ni duru ya pili. Ni baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ndipo wengine wa Agosti wakarudishwa kwenye karatasi ya kura.

Tukija kwenye idadi, hapo ndipo makosa yanapogharimu. "Half as much again" haina uhusiano na nusu peke yake. Maana yake ni kiasi kilichopo pamoja na nusu yake. Mapishi yakitaka vikombe 2 vya maji, halafu yakasema mchele wa aina fulani unahitaji "half as much again", maji ni vikombe 3. Anayeandika "nusu tena" atamfanya mpishi aweke kikombe 1, na wali utaungua ukiwa na kiini. Andika "ongeza nusu yake" au "mara moja na nusu". "As much again" ni maradufu, yaani vikombe 4.

"Repeat twice" nayo ina mtego. Kwa Mwingereza makini, unafanya mara moja kisha unarudia mara mbili, jumla tatu. Ukiandika "rudia mara mbili", wasomaji wengi watafanya mara mbili basi. Kwenye maelekezo ya mazoezi, mashine au dawa, taja jumla: "fanya mara tatu kwa jumla". Na tukiwa kwenye dawa, "Repeat after 6 hours" isiwe "rudia baada ya saa 6", kwa kuwa saa 6 kwetu ni adhuhuri au usiku wa manane. "Rudia saa 6 zikishapita" haina utata.

Upande wa kukanusha, mambo hugeuka na anayeteleza ni Mswahili anayeandika Kiingereza. "Hayupo tena" ni "He is no longer here" au "He isn't here anymore". Ukiandika "He is not here again", Mwingereza ataelewa kwamba jamaa alikosekana siku nyingine na leo kakosekana pia. "Sitaki tena" vilevile ni "I don't want it anymore". Kuna na "hakuja tena", ambayo ina maana mbili hata kwetu. Katika "alikuja Jumatatu, hakuja tena", hakurudi. Katika "aliahidi kuja, hakuja tena", hakufika kabisa, na Kiingereza chake ni "he didn't come after all", bila "again" hata chembe.

Vipande vingine vina majibu yake ya kudumu. "Now and again" ni "mara mojamoja", na wanaoiandika "mara kwa mara" wanageuza jambo la nadra kuwa la kila siku. "Mara kwa mara" iachie "again and again". "Tena na tena" inaeleweka, ila inafaa zaidi jukwaani. "Then again" ni "lakini pia" au "ila". "What was your name again?" haiombi jina lirudiwe kama wimbo, inakiri kusahau: "Nikumbushe, jina lako nani vile?" Hiyo "vile" ya mwisho inafanya kazi ya "again" barabara, na sijaona kamusi inayoitaja mahali hapo.

Na "rudia tena", inayolaumiwa kila siku kuwa ni kujazia maneno? Mwalimu akishasema "rudia" mara moja, mwanafunzi akarudia vibaya, "rudia tena" ni sahihi kabisa. Lawama inastahili pale tu inapotamkwa mara ya kwanza.