Siku moja maishani mwangu: asubuhi na wanafunzi, jioni na mafundi, udongo kutwa nzima

Mi ni injinia wa udongo, kwenye makaratasi wanaandika jiotekniko. Kazi ya mshahara ni maabara na kusimamia uchimbaji wa boholi, yale mashimo marefu ya kupima udongo kabla ya kujenga, hapa Dar, ila kuna hii nyingine isiyolipa ambayo ndo inaninyima usingizi, niko kwenye kamati ya matukio ya chama chetu cha wataalamu wa udongo na miamba, yaani sisi ndo wa kutafuta ukumbi, wa kubembeleza wasemaji, wa kwenda mashuleni na ndoo za mchanga. Nimeulizwa mara nyingi hiyo kamati inafanya nini hasa, basi nimeandika Alhamisi iliyopita yote kama ilivyokwenda.

Saa 10:45 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu. Barazani kuna ndoo tatu nimezifunika na khanga ya zamani, moja mchanga wa mtoni, ya pili udongo mwekundu wa hapahapa Goba nimeuchota nyuma ya nyumba, ya tatu mbuga, ule udongo mweusi, mwenzangu aliniletea kwenye kiroba kutoka Shinyanga akauhangaikia kwenye basi njia nzima. Mbuga ndo mali. Sehemu yake nimeianika kwenye sinia wiki nzima na imepasuka vizuri, ufa unapita kidole changu kidogo mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Nikabeba sinia lile mapajani kama mtu aliyebeba keki ya harusi, bajaji ikienda polepole kwenye makorongo mpaka lami.

Saa 2:30 asubuhi

Shule ya sekondari ya kata, upande wa Bunju. Kidato cha tatu mikondo miwili wamechanganywa darasa moja, dawati la wawili wamekaa wanne. "Shikamoo madam." Mwalimu wa jiografia ametupa vipindi viwili na amekaa nyuma na daftari lake, hilo peke yake lilinipa nguvu.

Huwa sianzi na hesabu. Naanza na ndoo ya mchanga wenye unyevunyevu, naushindilia, naugeuza chini kama wanavyofanya watoto ufukweni, alafu namwita mwanafunzi apande juu. Mchanga unasambaa, darasa linacheka. Ndoo ya pili ni mchanga uleule, ila kila baada ya sentimita tatu hivi tumelaza kipande cha chandarua chakavu. Nikamwita kijana mrefu kuliko wote. Akapanda mguu mmoja, akaangalia chini, akapanda wa pili, akasimama. Kimya. Hapo ndo namwambia mtoto kwamba zile kuta za tuta kwenye maingilio ya madaraja anazoziona akiwa kwenye daladala, nyingi ndani yake kuna kitu cha namna hii, matabaka ya udongo na nyavu au tepe zinazoushika usisambae.

Wakauliza kuhusu maporomoko ya mlima Hanang. Kila shule wanauliza. Tarehe 3 Desemba 2023 watoto hawa walikuwa wadogo lakini wanazikumbuka zile picha za Katesh, tope, mawe makubwa na miti vimeshuka kutoka mlimani vimelala juu ya nyumba. Nikawaeleza taratibu, kwamba sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu, mvua ikanyesha sana, maji yakaingia ndani, na maji yakijaa kwenye vinafasi vya udongo yanasukumana na punje, punje zinapoteza mshikamano, ukishapotea mshikamano mteremko hausimami tena. Binti mmoja akauliza kama mlima unatoa dalili kabla. Nikamwambia mara nyingine zipo, nyufa mpya juu ya mteremko, miti inayoanza kulala, chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwepo, au mto unaopungua ghafla wakati mvua inanyesha. Waliandika wote bila kuambiwa.

Alafu tukaingia kwenye kamba. Kipimo hiki ni cha maabara kabisa, asili yake ni Atterberg, mkemia wa Sweden, unauviringisha udongo wenye unyevu kwa kiganja mpaka uwe kamba yenye unene wa milimita 3, ukikatikakatika kabla ya hapo maji hayatoshi au si udongo wa mfinyanzi, ukiendelea kuviringika bila kukatika mfinyanzi upo. Mchanga ulikataa kwa wote. Udongo wa Goba uliwasumbua. Mbuga ikaenda mpaka nyembamba kama kamba ya kiatu. Kuna binti dawati la pili yeye alikuwa anaviringisha haraka kuliko mimi, nikamuuliza umejifunzia wapi, akasema bibi yake kule Kyela anafinyanga vyungu na wakiwa likizo wanamsaidia. Akaendelea bila kuinua macho, "Ila bibi hatumii huu peke yake, anachanganya na mchanga, usipochanganya chungu kinapasuka kikikauka."

Jamani. Mi nimelisoma hilo chuo mwaka wa tatu, kusinyaa kwa mfinyanzi, na huyu amelijua akiwa darasa la nne kwa mikono yake. Nikachukua sinia la mbuga lililopasuka nikamwekea mbele nikamwambia aliambie darasa kwa nini nyumba za kwenye mbuga zinapata nyufa za kukata mshazari kwenye kona za madirisha, na alieleza vizuri kabisa, kiangazi ardhi inasinyaa, masika inavimba, nyumba inabebwa inashushwa, inabebwa inashushwa.

Saa 5:20 asubuhi

Saiti, Mikocheni. Kuna wanafunzi sita wa chuo tumewaombea ruhusa waje kuangalia rigi, mashine ya kuchimbia boholi, ikifanya kazi, hiyo nayo ni sehemu ya kamati, maana wengi wanamaliza digrii hawajawahi kuona kwa macho SPT, kipimo cha kugonga bomba ndani ya boholi kujua udongo umeshikana kiasi gani. Nyundo ya kilo 63.5 inadondoka milimita 760, unahesabu mapigo ya kuzamisha milimita 150 mara tatu, zile za kwanza unaziacha, mbili za mwisho unajumlisha, hiyo ndo N yako, ikiwa ndogo udongo ni mlegevu. Nikamkabidhi mmoja kazi ya kuhesabu. Kwenye mita tatu akapata 4, akarudia kuniangalia akidhani amekosea. Hajakosea, ule ni mchanga mlegevu na maji yako juu, mita mbili tu tumeshayakuta. Wakapiga picha, wakanywa maji, tukaagana.

Saa 7 mchana

Wali maharage na kachumbari kwa mama ntilie, huku simu mbili. Ya kwanza msemaji wetu wa jioni, mzee mstaafu ambaye amechimba misingi nchi hii toka mi sijazaliwa, anauliza kama kutakuwa na ubao, hataki projekta. Ya pili mtu wa kampuni iliyoahidi kulipia chai na vitafunwa, anasema bajeti imebana. Mhadhara ni saa 11. Sikubishana naye, nilimshukuru nikakata, nikawaandikia wenzangu wa kamati kwenye grupu, kila mmoja akatuma alichonacho na mama ntilie palepale akakubali kutukaangia sambusa na maandazi kwa hesabu ya kumalizia kesho. Mungu ambariki.

Saa 8 mpaka saa 10

Maabara. Sampo, ripoti, saini. Siku ya kazi inabidi iende.

Saa 10:50 jioni

Ukumbini. Hapa nieleze kidogo kwa nini mhadhara huu ulikuwa na uzito kwangu.

Toka lile ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, kila kikao chetu kilikuwa kinaisha kwa maneno yaleyale, jamii ielimishwe, na waliokaa kuyasikia ni mainjinia tu. Pointi za CPD, za injinia kujiendeleza kitaaluma, ni muhimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inazitaka na mi mwenyewe nazihitaji, ila nyumba nyingi za mji huu hazijengwi na waliokaa ukumbini. Zinajengwa na fundi na vibarua wake wawili, tajiri yuko kazini anatuma hela kwa simu, msingi unachimbwa Jumamosi na Jumatatu umeshafukiwa, sisi wenye boholi zetu tunakuja kuitwa ukuta ukishachanika. Kwa hiyo miezi miwili nimepigania kitu kimoja kwenye kamati, mhadhara ujao viti thelathini viwe vya mafundi, bure, kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Nilizunguka mwenyewe kwenye saiti za Tegeta, Madale na Goba kuwaalika kwa mdomo.

Saa 11 inafika, mainjinia wameshajaa, viti vya mafundi vitupu. Saa 11 na robo vitupu. Nikaanza kuumia moyoni nikasema basi hawakuniamini. Nikatoka nje kupiga simu, nikawakuta getini. Wako kumi na tisa, wamekaa kwenye ukingo wa mtaro, wengine wametoka moja kwa moja saiti na zege kwenye viatu, mlinzi amewazuia kwa sababu hawana barua na majina yao hayako kwenye listi. Wamekaa pale zaidi ya nusu saa. Mmoja wao, mtu mzima wa kunizaa kabisa, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akasema, "Tulijua mmebadilisha mawazo, tulikuwa tunamalizia kupumzika tuondoke."

Listi niliipeleka mi mwenyewe ya mainjinia, ya mafundi sikuipeleka kwa sababu niliwaalika kwa mdomo. Kosa ni langu na nimeliandika kwenye kumbukumbu za kamati lisirudiwe. Niliwaingiza kwa mkono mmoja mmoja, na injinia mmoja wa mbele kabisa akasimama akampisha yule mtu mzima kiti, wengine wakafuata.

Saa 11:30 jioni

Mzee wetu alikuwa anasubiri, hajaanza. Akaanza na habari ya Karl Terzaghi, kwamba yule ambaye dunia inamwita baba wa fani hii alifanya majaribio yake Istanbul miaka ya 1910 na 1920 kwa vifaa vya kuungaunga, mpaka maboksi ya sigara aliyatumia, na mwaka 1936 mkutano wa kwanza wa kimataifa ulipofanyika Harvard yeye akawa rais. "Kwa hiyo asikwambie mtu huwezi kuujua udongo bila mashine," akawageukia mafundi.

Baada ya nusu saa ya ubao, maswali. Yule mtu mzima akanyanyua mkono.

"Injinia, tajiri anakuja na ramani ameshanunua, hela ya boholi hana, nikikataa kazi anachukua fundi mwingine na watoto wangu wanalala njaa. Mimi nifanye nini?"

Hilo swali nimehudhuria makongamano mengi sijalisikia. Ukumbi ulitulia, na mzee hakumjibu haraka. Aliweka chaki chini akasema, kwa ghorofa hakuna njia ya mkato, bila upimaji usiguse, hapo kataa hata kama ni kulala njaa kwa sababu utazika watu. Ila kwa nyumba ya chini anza hivi. Chimba shimo mita mbili kwenye kiwanja kabla hujachimba msingi, mawili kama kiwanja kinateremka. Angalia udongo unabadilika wapi. Liache mpaka kesho uone kama maji yameingia. Chukua nondo ya milimita 12, isukume kwa mikono kwenye mchanga, ikizama kirahisi hapo ni pepesi usikae. Viringisha udongo kiganjani. Nenda kwa jirani muulize kisima chake maji yako wapi, angalia kuta zake zina nyufa za namna gani. Ukiona weusi, ukiona maji, ukiona kifusi na mifuko ya nailoni, hapo simama umpigie mtu. Alafu akatuonyesha sisi kwa kidole, "Na hawa wawe wanapokea simu."

Mainjinia wakaanza kutoa namba. Kuna mmoja akasema ana DCP ofisini, kile kifaa cha kugonga fimbo yenye ncha ardhini kupima ugumu wa udongo, ile ya nyundo ya kilo 8, watu wawili wanaibeba na kwa nusu siku umezunguka kiwanja kizima, akasema Jumamosi mbili kwa mwezi anaitoa, fundi alipie mafuta tu. Nikaandika jina lake palepale kabla halijapoa.

Saa 2 usiku

Sambusa zimeisha zote, mafundi na mainjinia wamesimama nje wanachoreana misingi kwenye vumbi kwa vijiti. Nimefagia ukumbi na vijana wawili wa kamati, tumerudisha funguo.

Saa 4:10 usiku

Niko kitandani simu ikalia, WhatsApp, namba siijui. Picha ya mtaro wa msingi usiku, umemulikwa na tochi, ukuta wa mtaro unang'aa. "Injinia samahani kwa usiku ni fundi wa Madale nilikaa nyuma. Kesho tunamwaga zege. Huu ni mbuga?"

Nikamwandikia kwa picha siwezi kusema, chukua kidogo viringisha kama alivyoonyesha mzee. Dakika zikapita. Ikaja picha nyingine, kiganja chake kimejaa michirizi ya saruji, juu yake kamba ya udongo nyembamba kama njiti ya kiberiti, ndefu, haijakatika.

Mfinyanzi ni kweli, ni mfinyanzi wa namna gani hatujui bado mpaka maabara. Nikampigia nikamwambia kesho asimwage kitu, amwambie tajiri ni mimi nimezuia, na anichimbie shimo moja mpaka mita mbili, saa 1 asubuhi nitakuwa hapo na mifuko ya sampo. Akasema sawa dada, nitakuchemshia chai.