Mkalimani wa porini

Nimerudi Dodoma juzi usiku, miguu ina malengelenge, mgongo umejaa vinundu vya ndorobo, wale mbung'o, na hela niliyolipwa nusu yake imeshaliwa na madeni. Kila mtu ananiuliza ilikuwaje nami naishia kusema ilikuwa poa, maana sijui nianzie wapi. Ngoja niandike kabla haijanitoka.

Dili lenyewe aliniletea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mpishi kwenye kambi ya uwindaji huko kusini mwa Itigi. Akanipigia, kuna mzee wa Kifaransa anakuja siku kumi, Kiingereza chake cha kuombea maji tu, na mwindaji bingwa wa kambi, yule anayeongoza wageni porini, Kifaransa hajui hata salamu, wewe si ulisoma hicho kitu pale chuoni UDOM? Nikasema nilisoma, miaka mitatu mizima. Sikumwambia kwamba tangu nimalize Kifaransa changu kimefanya kazi mara mbili, mojawapo kusoma maelezo ya dawa ya nywele ya jirani.

Basi nikapanda basi, Bahi, Kintinku, tukaparamia ule mlima wa Saranda, Manyoni, Itigi, halafu gari la kambi likanichukua tukaingia porini. Huko mapori ya akiba yamepakana, Rungwa, Kizigo na Muhesi, ukiendelea kusini mashariki unatokea hifadhi ya Ruaha, na tofauti yake ni kwamba Ruaha ni ya kuangalia tu ila huku kwenye vitalu vya uwindaji kwa leseni watu wanawinda, msimu unafunguliwa Julai mosi. Tulienda Septemba. Miti ya miombo ilikuwa inachipua majani mekundu kabisa kabla hata tone la mvua halijadondoka, nilikuwa sijawahi kuona, nilidhani ni maua.

Sasa mimi kwa akili zangu nikafunga safari na jinzi mbili, zote za bluu, na tisheti nyeusi, najua ni nguo imara za kazi. Asubuhi ya kwanza yule mzee mfuata nyayo, tulikuwa tunamwita Babu tu, Mgogo wa Manyoni, alinitazama kuanzia juu mpaka chini, nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, halafu akasema, "Umekuja kuwapa ndorobo chakula?" Kumbe ndorobo wanapenda bluu na nyeusi vibaya mno, hata mitego ya kuwanasia inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshaelewa somo. Wananing'ata juu ya jinzi, ukimpiga kibao hafi, anaanguka, anajipanga upya, anarudi. Jioni kaka akanipa suruali yake ya kaki, kiuno nikafunga kwa kamba ya katani, nikavaa hiyo siku zote zilizobaki.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi ya ndorobo ni hili, nimeajiriwa kuongea halafu kuongea kwenyewe marufuku. Mnatoka alfajiri, gari linawaacha, mnatembea kwa mstari, Babu mbele na makatambuga yake ya tairi, nyuma yake mwindaji bingwa, kisha mzee Mfaransa, mimi, na nyuma kabisa afande, askari wa wanyamapori, maana bila yeye hakuna kuwinda. Ndiye aliyenifundisha mambo ya sheria, kwamba hupigi ukiwa garini wala ukiwa chini ya mita 200 kutoka kwenye gari, usiku hupigi, jike hupigi, na mnyama ukimjeruhi akakupotea anahesabika kwenye leseni yako vilevile. Hayo yote aliniambia kambini jioni. Mkiwa njiani ni kimya. Kuna siku nilipiga chafya moja, ya kawaida tu, swala pala kama thelathini wakakoroma wakapotea, na hakuna aliyenigombeza, ndiyo ikaniuma zaidi.

Wenyewe wanaongea kwa mikono. Kiganja kikishushwa, chuchumaa. Ngumi, simama hapohapo hata kama mguu uko hewani. Babu akipandisha mikono miwili kichwani na kuipinda, huyo kongoni. Akiirudisha nyuma kama upinde ni korongo au palahala, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, hapo mzee Mfaransa anaanza kuhema. Siku ya tatu nikagundua hawanihitaji kabisa. Mfaransa na Babu walikuwa wanaelewana vizuri kuliko mimi ninavyoelewana na yeyote kati yao, na mimi ndiye mwenye digrii.

Babu ana kifuko cha kitambaa cheupe kimejaa majivu ya jikoni. Kila baada ya hatua kadhaa anakitikisa, vumbi linatoka, anaangalia linakokwenda. Hiyo ndiyo ramani yake. Mimi nilifikiri kuwinda ni macho na shabaha, kumbe ni upepo. Mnyama akikuona anaweza akasimama akushangae kidogo, akikusikia anaweza akadhani ni mwenzake, ila akikunusa basi, hana mjadala. Alfajiri upepo unatulia na unatabirika, ikifika kama saa nne ardhi ikipata moto unaanza kuzunguka huku na huku, hapo Babu anakaa chini ya mti anakoroga ugoro wake, hata mteja awe na haraka vipi.

Na nyayo jamani. Nilikuwa naona mchanga, yeye anaona gazeti. Ananionyesha kwa kijiti, huu una umande juu yake, umepita kabla ya umande, wa jana. Huu buibui ameshatandaza utando juu, achana nao. Huu kingo zake kali bado, na sisimizi wanahangaika kuchimbua mlango wao uliozibwa, huyu yuko mbele yetu hapo. Mavi anayavunja kwa vidole, ndani yakiwa na unyevu na joto anatabasamu. Siku ya pili aliniwekea kimoja mkononi nikapokea kwa adabu zote.

Siku ya sita ndiyo ile.

Tulikuwa na nyayo za kongoni dume tangu kumi na mbili na nusu. Kongoni ni wale wenye uso mrefu na mgongo unaoteremka nyuma, na wana tabia, mmoja anapanda juu ya kichuguu anakuwa mlinzi wenzake wakila. Sasa tulizunguka sana kumkwepa mlinzi huyo, kwa magoti, halafu kwa tumbo, miiba ya mgunga inaingia kwenye viganja unanyamaza. Wakafungua zile fimbo tatu za kuegemeza bunduki, mzee Mfaransa akasimama taratibu, akavuta pumzi, akapiga. Na palepale nikaona Babu amefumba macho.

Sikujua amesikia nini. Baadaye alinieleza kwamba risasi ikiingia tumboni mlio wake ni wa kuzama, kama kupiga ngoma iliyolowa. Tulipofika pale damu ilikuwa nyeusi nyeusi, na ndani yake vipande vya majani. Mwindaji bingwa akainua kipande kimoja cha jani akamwonyesha mteja bila kusema neno. Ingekuwa mapafu ingekuwa damu nyepesi yenye povu, na mnyama angelala ndani ya mita mia. Ya tumbo anakwenda siku nzima na maumivu yake.

Tulikaa chini karibu saa zima, eti asikimbie zaidi, alale, mwili ukaze. Ile saa ndiyo ilikuwa ndefu kuliko safari yote. Halafu tukaanza kufuata. Damu ikaisha baada ya muda mfupi, ikabaki nyayo tu, na akawa ameingia kwenye nyayo za wenzake, yaani kwato mia na ushee na katikati yake kuna moja ya huyu. Babu aliipata kwa sababu mguu wa nyuma ulikuwa unaburuta ncha. Akaipoteza kwenye mwamba, akarudi, akazunguka nusu duara, akaipata tena. Saa nne, saa tano, saa saba. Maji yakaisha. Afande akasema kwa sauti ya chini kwamba wengi wangeshasema amepotea, lipa, tuendelee na mwingine, na sidhani kama alikuwa anamsifu mtu, alikuwa amechoka tu. Mzee Mfaransa ana miaka sitini na kitu, uso umekuwa mwekundu kama zile pilipili za soko la Majengo, nikamuuliza kama anataka kupumzika akatikisa kichwa.

Tulimkuta saa nane kasoro chini ya mgunga. Alikuwa amelala lakini kichwa ameinua, anatuangalia, masikio yanafukuza nzi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka. Mteja akapiga mara ya pili, kwa karibu, safi, ikaisha.

Hakuna aliyepongezana. Siku nyingine kulikuwa na kupeana mikono na kupiga picha. Yule mzee aliweka bunduki chini, akavua kofia, akachuchumaa pembeni ya kichwa cha kongoni, Babu amechuchumaa upande wa pili anafuta damu puani kwa nyasi. Ndipo kwa mara ya kwanza siku hiyo nikapewa kazi. Akaniambia bila kuniangalia, "Dites-lui pardon."

Mwambie samahani. Nikageuka kwa Babu nikasema, "Babu, anasema nikwambie samahani."

Babu akaniangalia, akamwangalia kongoni, akaniuliza, "Amesema uniambie mimi, au umwambie huyu?"

Nikabaki mdomo wazi. Lile neno la Kifaransa halina jibu, lui ni yeyote, na "mwambie" yetu ndiyo hivyohivyo, mtu ni a-, mnyama naye ni a-. Miaka mitatu ya sarufi na swali la kwanza la maana nimeulizwa na mzee mwenye ugoro mfukoni. Ningeweza kumuuliza tu mteja, ni sentensi ya maneno matano, ila machozi yalikuwa yanamtoka na mimi sikuwa na ujasiri. Nikamwambia Babu, "Sijui."

Akasema, "Basi mwambie anywe maji." Na maji yalikuwa hayapo.

Kazi iliyofuata ni ya kawaida, kuchuna, kugawa, redio kuita gari, nyama ikaja kambini, kaka akapika maini na vitunguu. Mzee Mfaransa alikula kidogo akaenda kulala mapema. Siku nne zilizobaki alipata pundamilia kwa risasi moja, korongo hakumpata kabisa, na mara mbili aliacha kupiga japo fimbo zilishasimamishwa. Sikumuuliza kwa nini. Siku ya kuagana alimpa Babu kisu chake, wakashikana mikono muda mrefu sana, nami nimesimama katikati kama kigingi, hakuna aliyenihitaji.

Babu mimi alinipa kile kifuko cha majivu, akasema atashona kingine. Kiko dirishani hapa nyumbani Nkuhungu. Na huu upepo wa Dodoma wa mwezi huu hauhitaji majivu, unakuja kutoka mashariki na vumbi lake lote, mama amefua mara ya tatu zile jinzi za bluu, ananiuliza lakini huko siku kumi mlikuwa mnaongea nini.