Kabla ya kupiga Windows, tafuta apdeti imegusa nini

Hapa Ng'ong'ona, ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Dodoma, laptopu ikikataa kuwaka mwanafunzi hupewa jibu moja: piga Windows. Fundi anafuta diski, anaweka Windows mpya, anapokea hela yake, na mwenye laptopu anarudi getoni na mashine safi isiyo na kitu ndani. Nina steshenari huku na jibu hilo linaniuma, kwa sababu kompyuta nyingi ninazoletewa hazijafikia hatua ya kufutwa. Zimepokea apdeti, apdeti imegusa kitu fulani, na kitu hicho kikitafutwa kinapatikana.

Swali langu la kwanza ni: ilianza lini? Watu hujibu "ghafla tu". Ukimpa mtu muda akumbuke, atakwambia jana usiku iliandika inajisasisha, akaiacha akalala. Apdeti za usalama za Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Ndiyo maana siku zinazofuata Jumanne hiyo huwa nategemea wageni wenye sura za huzuni. Mashine ikiwa inawaka, naingia kwenye mipangilio, kwenye historia ya apdeti. Kila moja ina tarehe na namba inayoanza na herufi KB. Namba hiyo, pamoja na namba ya kosa linaloonekana kwenye skrini, ndiyo ninayoitafuta mtandaoni. Ukiandika tu "laptopu haifanyi kazi" utapata kila kitu isipokuwa unachokihitaji.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha binti wa mwaka wa tatu aliyekuja na utafiti wake wote ndani ya laptopu, na siku ya kukusanya imekaribia. Alipoiwasha ilileta skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48.

"Dada, fundi kasema nipige Windows tu, hakuna namna."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, ukipiga Windows hapo umeuaga utafiti wako."

Skrini ile ni ya BitLocker, ulinzi unaofunga diski kwa msimbo wa siri ili mwizi asisome mafaili. Ufunguo wa kila siku unatunzwa ndani ya chipu inayoitwa TPM. Kila unapowasha mashine, chipu inakagua jinsi inavyoanza, na ikiona kila kitu kiko vilevile inaachia ufunguo kimyakimya. Wewe hujui hata kama kuna kufuli. Apdeti ikigusa BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) au mafaili ya kuwashia, chipu inaona sura ngeni mlangoni na inakataa. Diski ni nzima na mafaili ni mazima, ila mlango umefungwa. Hata ukiichomoa diski ukaipachika kwenye kompyuta nyingine, hutasoma kitu.

Ufunguo wa akiba hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa mashine mara ya kwanza. Tukafungua akaunti ya binti kwa simu, tukaenda kwenye ukurasa wa funguo: hakuna kitu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nikamuuliza, laptopu hii siku ya kwanza aliiwasha nani?

"Kaka wa dukani. Alinifungulia kila kitu, mimi nikapewa tu neno la siri."

Ilikuwa imenunuliwa kwenye duka moja la Kariakoo, na risiti ilikuwa na namba ya simu. Nikapiga. "Kaka, habari za kazi. Kuna laptopu ulimuuzia mdogo wangu, ukaiandaa kwa akaunti yako. Naomba utuangalizie ufunguo." Mwanzoni hakuelewa ninachosema, lakini alikuwa muungwana, akaingia kwenye akaunti yake, akakuta orodha ndefu ya mashine alizowahi kuuza. Pale kwenye skrini ya bluu kuna kitambulisho cha ufunguo. Nikamsomea herufi nane za mwanzo, akatafuta inayofanana, akaipata. Akaanza kunisomea tarakimu, sita sita, makundi manane.

Kundi la tano likakataa. Kila kundi limetengenezwa ligawanyike kwa 11 bila baki, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mashine inakwambia palepale kabla hujaenda mbele. Kosa lilikuwa "nne" iliyosikika "nane", kwa jinsi mtandao ulivyokuwa unakatika. Akatutumia zote kwa ujumbe, tukamaliza, na Windows ikafunguka na utafiti wake ukiwa palepale kwenye deskitopu. Binti alilia. Kabla ya kumruhusu aondoke tulinakili kila kitu kwenye flashi, tukaingiza akaunti yake, tukazima ulinzi ule na kuusubiri umalize kuifungua diski, kisha tukauwasha upya ili ufunguo mpya uende kwake. Akaunti ya yule kaka tukaiondoa. Kama laptopu yako iliandaliwa dukani, nakusihi uhakikishe leo ufunguo wako uko kwa nani.

Upande wa printa nilipata somo langu Septemba 2021. Apdeti ya mwezi ule ilikuja kuziba tundu la usalama kwenye huduma ya kuprinti, na sehemu nyingi duniani kompyuta zinazochangia printa moja zikaanza kuandika kosa 0x0000011b. Kwangu printa ilikuwa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja, nyingine zikiprinti kupitia hiyo. Foleni ya wanafunzi mlangoni, na printa inaprinti kutoka mashine moja tu. Ushauri uliosambaa ulikuwa wa kwenda kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, na kuzima kinga yenyewe. Unafanya kazi, ila unaliacha wazi tundu lilelile, na kompyuta za steshenari zinachomekwa flashi za kila mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sikutaka. Printa yangu ilikuwa na tundu la waya wa mtandao, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye ruta, nikaipa anwani yake isiyobadilika, na kila kompyuta nikaiwekea draiva (programu ya kuongea na printa) na kuielekeza kwenye anwani hiyo. Kompyuta haimwombi tena mwenzake ruhusa ya kuprinti. Tangu hapo hata ile mashine kuu ikizimwa, kazi zinaendelea.

Kompyuta ambazo baada ya apdeti zinajizima na kujiwasha bila kufika mwisho huwa rahisi kuliko zinavyotisha. Unaiwasha, nembo ikitokea unaizima kwa kubonyeza kitufe mpaka izime, unarudia, na kwa kawaida baada ya mara ya tatu inaleta yenyewe ukurasa wa ukarabati. Humo kuna sehemu ya kuondoa apdeti, yenye chaguo mbili. Jaribu kwanza kuondoa ile ya kila mwezi. Ile kubwa inayobadilisha toleo zima ina muda wake: kwa kawaida unaweza kurudi toleo la nyuma ndani ya siku 10 tu, baada ya hapo Windows inafuta mafaili ya zamani. Lakini skrini ikiandika kwamba inarudisha mabadiliko, usiiguse. Chomeka chaja uiache hata saa zima. Nimeona mashine zilizokuwa zinajiponya zikaharibiwa na kidole kisicho na subira, na nyingine na umeme uliokatika wakati betri imekufa siku nyingi.

Kwa kompyuta za dukani nimejipangia ratiba. Nasimamisha apdeti kwa wiki moja (Windows inaruhusu mpaka wiki tano), wakati huo nasoma watu wengine wamekutana na nini, kisha naziruhusu Jumapili jioni, moja kwanza, nyingine zikifuata kesho yake. Nikitumia intaneti ya simu naiwekea alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, maana kompyuta hudhani ni Wi-Fi ya bure na bando lote linaisha kabla hujatuma hata barua pepe moja.

Wapo wateja waliofurahi Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, wakasema sasa apdeti hazitawasumbua. Siwaungi mkono. Tundu jipya likigunduliwa, mashine yao inabaki nalo. Zangu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya TPM 2.0 nimezihamishia Windows 11 bila kulipia. Ile ya kaunta ni ya kizazi cha sita, haikubali, kwa hiyo nimeiandikisha kwenye mpango wa apdeti za ziada za usalama huku nikikusanya hela ya kununua nyingine.