Kuitembea Umbria Bila Haraka

Watu wa hapa Mwanza wakisikia kwamba niliishi Italia huniuliza kwanza habari za Roma, kisha Venezia, kisha mpira. Roma nimeiona na ninaiheshimu. Hata hivyo, Italia ninayoifahamu kwa miguu yangu ni mkoa wa Umbria, ulio katikati ya nchi na usio na pwani, ambao makao yake makuu ni Perugia, mji wa kale uliojengwa kilimani na wenye chuo kikuu kinachowafundisha wageni Kiitaliano tangu miaka ya 1920. Nilikwenda huko kusoma lugha, nikabaki kufanya kazi, na mapumziko yangu karibu yote niliyatumia katika miji midogo ya jirani. Ninaamini kwamba mtu wa Kanda ya Ziwa anayehamia Italia ataizoea nchi ile mapema zaidi akianzia miji hiyo kuliko akianzia Venezia, ambako tangu mwaka 2024 wageni wa siku moja hutozwa kiingilio siku za msongamano.

Kinachowezesha safari hizo ni treni za mikoani, zile zinazosimama kila stesheni. Ukitoka Perugia kuelekea mashariki unafika Assisi, Spello na Foligno. Ukielekea magharibi unafika Passignano na Tuoro, kando ya Ziwa Trasimeno, kabla ya kuikuta reli ya Firenze na Roma pale Terontola. Nauli ni ndogo, ila tiketi ya karatasi ni lazima uigonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, vinginevyo utapigwa faini ingawa umeilipia. Nilikuwa nikishuka mahali ambapo sikuwa na jambo lolote la kufanya, nikapanda kilima taratibu hadi kwenye uwanja wa mji, nikanywa kahawa nikiwa nimesimama kaunta kama wenyeji, kwa kuwa ukikaa mezani mara nyingi bei hupanda. Saa saba mchana maduka hufungwa, na mtu mwenye haraka huudhika; asiye na haraka hutafuta kivuli.

Nilikokwenda zaidi ya kwingine kote ni Trasimeno. Ziwa hilo lina takriban kilomita za mraba 128, na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, lenye karibu kilomita za mraba 68,800, anaweza kudhani ameonyeshwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Kina chake hakifiki mita 10. Lakini kaa hapo siku nzima, uone yaliyomo. Karibu na Tuoro, mwaka 217 kabla ya Kristo, jemadari Hannibal wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia, aliwavizia Warumi asubuhi ya ukungu, akawabana kati ya vilima na maji, na konsuli wao Flaminius, aliyeongoza jeshi lao, akauawa. Ukipanda boti kwenda Isola Maggiore unakuta kijiji cha mtaa mmoja, wakazi wachache mno, na kumbukumbu ya wanawake waliojifunza kufuma lesi kwa kroshia mwanzoni mwa karne ya 20 ili waongezee kipato cha uvuvi. Mapokeo yanasema Fransisko wa Assisi alifunga Kwaresima hapo mwaka 1211.

Pwani ya ziwa hilo nilimwona mama mmoja akipika mchuzi wa samaki wa aina kadhaa katika chungu kipana cha udongo, mkunga akiwemo, pamoja na nyanya, kitunguu saumu na divai, moto ukiwa mdogo kwa saa nyingi. Hakutia mwiko hata mara moja. Alikishika chungu kwa masikio yake mawili akakitikisa kidogo, samaki asivunjike, sawasawa na mama yangu anavyofanya na sato. Nilijiona nyumbani hapo kuliko siku niliyokuta sokoni Perugia minofu ya sangara, lebo yake ikitaja Ziwa Victoria, imepangwa juu ya barafu bila mtu wa kueleza alivyovuliwa wala anavyopikwa.

Orvieto ni habari nyingine. Papa Clement VII alikimbilia huko baada ya Roma kuvamiwa na kuporwa mwaka 1527, akaagiza kichimbwe kisima ili mji ule wa juu ya mwamba usife kiu ukizingirwa. Fundi wake, Antonio da Sangallo, alizungusha ngazi mbili ndani ya kisima kimoja, kila moja ikiwa na vidato 248, ili punda wanaoteremka kufuata maji wasikutane na wanaopanda wakiwa na mizigo. Nilishuka nikiwa nimeegemeza mkono ukutani, nikichungulia katika madirisha yanayotazama shimo la katikati, na kadiri nilivyoteremka ndivyo baridi na unyevu vilivyozidi. Mji huo ni miongoni mwa minne iliyoanzisha, mwaka 1999, umoja wa miji midogo iliyokubaliana kulinda utulivu wake, vyakula vyake na ufundi wake. Nakubaliana nao kabisa.

Sisemi kwamba maisha ya mgeni ni matembezi matupu. Ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia unatakiwa kuomba kibali cha ukaazi kupitia posta, kisha polisi wanakupangia siku ya kuchukuliwa alama za vidole, na kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi. Risiti ya posta itunze kama pasipoti. Kuna vijiji ambako wazee walinikazia macho tangu stesheni hadi kanisani. Nilijifunza kuwaamkia kwanza, kama tulivyolelewa Usukumani, na wengi wao walilainika wakaniuliza nimetoka wapi.

Tangu nirudi Nyegezi nimeona jinsi ilivyo vigumu kutembea hivyo kwetu, na tatizo si ukosefu wa mahali pa kwenda. Safari kwetu lazima iwe na shughuli: msiba, harusi, mzigo, hospitali. Nilipomwambia mama mkubwa kwamba nataka kwenda Ukerewe, aliuliza, "Kuna nini huko, mwanangu? Nani amefariki?" Nilimjibu, "Hakuna msiba, mama, naenda kupaona tu," akanyamaza, akaniombea safari njema. Nitapanda kivuko cha Nansio masika yakiisha, nivuke hadi Ukara, ambako wakulima wamesifika tangu zamani kwa kurutubisha mashamba yao kwa samadi, na nitalala huko siku chache kabla ya kuandika nilichokiona.