Ugali wangu uliitwa sabuni ya mche

Naanza na hasira kwanza. Mtu akikwambia ukitaka kukosoa mchoro wa mwanafunzi umsifie, umkosoe, halafu umalizie na sifa tena, mkatalie. Mimi nilifundishwa hivyo kwenye semina, nikaingia nayo darasani kwa mbwembwe, wiki ya tatu tu nikisema "umejitahidi sana" darasa zima la tano linaitikia "LAKINIII". Hadi yule wa nyuma asiyejua kuchora hata yai.

Tulikuwa tunachora chakula. Nilinunua maandazi na chapati kwa mama wa getini, kama elfu tatu hivi sikumbuki, nikatoka mara moja kuchukua manila ofisini, narudi nakuta sahani ina mafuta tu, darasa kimyaaa, midomo inang'aa. Siku hizi natangaza mapema: penseli kwanza, mdomo baadaye.

Makosa yao ni yale yale. Sahani inachorwa duara kabisa kama mchoraji yuko darini, halafu kikombe pembeni yake kimechorwa cha ubavuni. Ukiandika "sahani siyo sawa" kwa kalamu nyekundu haisaidii (na kalamu nyekundu juu ya kazi ya mtoto mi niliacha kabisa, unamharibia). Nikachukua mfuniko wa ndoo nikauinua mpaka usawa wa macho yao, mnaona nini? "Mstari madam!" Nikaushusha taratibu, ukawa kama yai limelala, nikauweka sakafuni wakasimama kuchungulia, duara. Sikuongeza neno. Wakaanza kufuta wenyewe.

Halafu nikabandika michoro yote ukutani, majina nyuma, marufuku kusema nzuri wala mbaya. Unasema unachokiona: hiki ni chakula gani, cha moto au kimepoa, ungekula? Mmoja akasema "hili andazi linaelea". Mimi hapo ningehutubia dakika kumi kuhusu kivuli, yeye kamaliza kwa maneno matatu, na mwenye andazi kachukua penseli kaweka giza chini yake, likatua mezani.

Sasa kimbelembele changu. Nikachomeka na mchoro wangu katikati, ugali na dagaa, bila jina, nasubiri waseme jamani huu wa nani. Kimya. Halafu kabinti kamoja ka mbele: "Hii ni sabuni ya mche." Wenzake wakadakia, eee ya kufulia, na hii pembeni ni misumari? Dagaa wangu hao! Nimesomea uchoraji chuoni mimi. Nikaanza "hapana, angalieni vizuri", hapo hapo nikajishika mdomo, maana sheria niliiweka mwenyewe, mchoro wako ukisemwa unanyamaza unaandika. Van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, mwaka 1885 alimtumia rafiki yake van Rappard nakala ya picha yake ya wakulima wanakula viazi, rafiki akaiponda kwenye barua, jamaa akairudisha barua ilikotoka na urafiki ukaingia doa. Yeye ni Van Gogh, mimi nigombane na darasa la tano kwa ajili ya dagaa?

Nikaubeba nyumbani. Nikaugeuza juu chini, nikafumba macho nusu, kweli, sabuni. Kingo zimenyooka utadhani nimetumia rula na weusi wa penseli ni ule ule pande zote. Jioni nikasonga ugali nikauweka dirishani jua likiwa bado lipo, mume wangu anauliza tunakula au tunautazama, nikamwambia mega tonge moja tu uache. Alipomega ndo nikaona! Vidole vinaacha shimo lenye giza lake ndani, na juu kuna mikunjo ya mwiko. Sijawahi kuona hiyo kitu na nimekula ugali maisha yangu yote. Nikaongeza hivyo viwili, na ubavu ulioupa dirisha mgongo nikaukoleza kwa 6B, ile penseli laini yenye weusi mzito, bei yake buku na kitu, ila HB ya kawaida peke yake haikupi giza hata ukandamize hadi karatasi itoboke.

Ijumaa nikaubandika tena. Kabinti kale kakasogea, kakauangalia mpaka jasho likanitoka.

"Huu ugali umeshaanza kuliwa."

Nilitaka kukabeba mgongoni nikazungushe shule nzima.

"Ila madam, misumari bado ipo."