Nilivyompata mzee wa kijiweni kwa gambiti ya Evans

Kijiwe chetu hapa Mwanga, Kigoma, ni cha drafti tangu zamani, chesi imeingia juzijuzi tu. Sasa kuna mzee mmoja mstaafu wa reli alikua anatunyoa wote, anacheza taratiiibu, ukimvamia anajifungia ndani mpaka unachoka mwenyewe. Nikakaa nikawaza huyu napitia wapi, kumbe dawa iko kwenye drafti yenyewe: kule kula ni lazima, mkono ushazoea, akiona kete ya bure anakula kwanza ndo anafikiria.

Ndo nikaishika gambiti ya Evans, yaani ufunguzi wa chesi ambao unamtoa askari sadaka makusudi ili majeshi yako yatoke haraka. Aliianzisha kapteni wa meli, William Davies Evans wa Wales, miaka ya 1820 huko, na msidhani ni ya kizee maana 1995 Kasparov alimchapa nayo Anand, wote mafundi wakubwa wa chesi duniani, kule Riga, muvu 25 tu kwisha. Unaanza kawaida (herufi na namba ni jina la mraba kete inapoenda), e4 e5, farasi f3 na c6, maaskofu c4 na c5, halafu unasukuma askari b4, unamlisha askofu wake mchana kweupe. Akila unamfukuza kwa c3, akikimbilia a5 unapiga d4 katikati. Sikukariri mistari mingi, nilikua nafanya mazoezi usiku Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, na sheria moja tu kichwani: usirudi nyuma kukomboa askari, we toa majeshi.

Siku ya siku mzee akala b4, akala d4, mimi nikamficha mfalme na ngome ikatoka, akala na c3, anacheka, "mwanangu leo unagawa sadaka?" Nikamwambia kula tu mzee wangu. Malkia b3, yeye na askofu wote wanatazama f7. Mzee akakinga kwa malkia f6, nikasukuma e5, akala tena na farasi! Askari wa nne huyo. Ngome e1, farasi wake kagandishwa mbele ya mfalme wake, akitoka tu mfalme yuko wazi, akamshikilia kwa askari d6, ndo nikaweka malkia b5 cheki, namtishia mfalme, na askofu wa a5 nikamchukua bure. Kijiwe kizima kelele, hata wauza dagaa wakaja kuchungulia.

Shida sasa kashtuka. Nikiweka b4 hali tena, anarudisha askofu b6, na hapo mi nasogeza a4 kumtishia huyohuyo askofu, mechi inakua ndefu kweli ila angalau sio yeye tena anayechagua mwendo.